Kurekebisha jalada la askari si kumpa nishani mpya

Mwanzoni mwa Januari 2025, akiwa amebakiza wiki chache Ikulu, Rais Joe Biden alitoa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote katika jeshi la Marekani, kwa askari saba wa vita vya Korea na Vietnam. Sita walikuwa marehemu. Hai alikuwa mmoja tu. Miezi saba nyuma, Juni 2024, ilitangazwa kwamba Waverly Woodson, mhudumu wa tiba mweusi aliyetua ufukwe wa Omaha siku ya uvamizi wa Normandy mwaka 1944, atapewa Distinguished Service Cross, ya pili kwa ukubwa. Woodson alifariki mwaka 2005. Habari za namna hii zikifika kwetu, na hata kwa ndugu zetu wanaoishi huko, hupokewa kwa mguno uleule: siasa tupu, rais anatafuta jina, mtu kakaa miaka sitini bila kuonekana leo ndiyo wamegundua ni shujaa.

Mguno huo unapiga hodi mlango usio wake. Sherehe za Ikulu ni sehemu ndogo sana ya kazi kubwa isiyo na kamera, yaani kuifanya karatasi ya serikali ikubaliane na kilichotokea. Mara nyingi anayeandika barua kuomba nishani iongezwe kwenye jalada lake haombi kutukuzwa. Nishani alishaipata, kwa amri iliyotiwa saini, ila haikuingizwa panapostahili. Anachodai ni deni. Kosa la mfumo wa Marekani, nami nitaeleza kwa nini naliita kosa, ni kwamba mdai huyo hupangwa kwenye foleni kama mwombaji wa hisani na kutakiwa athibitishe hata yale ambayo serikali yenyewe ndiyo iliyoyapoteza.

Kila anayeondoka katika jeshi la Marekani hukabidhiwa hati iitwayo DD 214, iliyoanza kutumika mwaka 1950. Humo mna tarehe za kuingia na kutoka, cheo, kazi aliyofanya, aina ya kuachishwa, na kisanduku kimoja cha nishani, medali na tepe zote. Hati hiyo ndiyo atakayoulizwa benki akitaka mkopo wa nyumba wa askari wa zamani, hospitalini, kwenye kazi za serikali, hata siku ya kuzikwa, familia ikitaka bendera na gwaride. Anayeijaza ni karani, akitumia jalada lililo mbele yake siku hiyo. Jalada likiwa na pengo, hati inazaliwa na pengo. Na askari huitia saini katika siku mbaya kuliko zote za kusoma karatasi kwa makini. Shemeji yangu, aliyeingia jeshi hilo kupitia mpango ulioanza mwaka 2008 wa kuandikisha wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, alitia saini ya kwake bila kuona kwamba medali ya kampeni ya Afghanistan haimo. Nilipomuuliza ilikuwaje, alicheka: "Shem, mimi siku ile nilikuwa nawahi ndege."

Uzembe wa makarani na haraka ya vijana havitoshi kueleza mapengo yote, maana mengine hayakuwezekana kuepukika. Chukua askari wa nchi kavu aliyerudi kutoka Vietnam mwaka 1969. Mwaka 1974 ilitoka amri ya jumla, namba 8 ya mwaka huo, iliyothibitisha kuwa makao makuu ya jeshi la nchi kavu la Marekani nchini Vietnam pamoja na vikosi vilivyokuwa chini yake yametunukiwa na serikali ya Vietnam Kusini nishani ya kikosi kizima iitwayo Gallantry Cross, yenye jani la mtende, kwa kipindi cha Julai 1965 hadi Machi 1973. Hati yake ilikuwa na umri wa miaka mitano. Nani angemwandikia? Au yule wa miguu aliyepigana Italia au Ufilipino akarudi mwaka 1945 na beji ya askari wa mapambano: uamuzi wa mwaka 1947 ulimpa haki ya nishani ya Bronze Star kwa beji hiyohiyo, naye yuko shambani kwake Iowa anavuna mahindi. Korea Kusini ilitoa medali ya vita kwa wote waliokuja kuisaidia tangu mwaka 1951, lakini Marekani ilikubali askari wake waivae mwaka 1999, nusu karne baadaye. Wako wazee wengi waliokufa na haki tatu nne ambazo hawakujua wanazo. Hakuna aliyewanyima. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi kuyafungua majalada yao.

Hapo ndipo tunapochanganya mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni hilo nililolieleza: amri ipo, kikosi kilikuwepo, askari alikuwepo, kilichokosekana ni kuandikwa. Linamalizwa na ofisi, kwa hati ndogo ya marekebisho iitwayo DD 215, na kwa watu wa zamani uhakiki hufanywa na kituo cha taifa cha kumbukumbu kilichopo St. Louis. La pili ni pale ofisi inapokataa, au ukweli wenyewe una utata. Hilo huenda kwenye bodi ya marekebisho ya kumbukumbu za jeshi, chombo cha raia ambacho sheria imekipa uwezo wa kusahihisha kosa au kuondoa dhuluma. La tatu ni nishani ambayo haikuwahi kutolewa kabisa, labda kwa sababu pendekezo lilipotea au kamanda aliuawa kabla ya kuandika. Kwa hiyo la tatu kuna mlango wa mbunge kuiomba wizara ipitie upya, na kwa Nishani ya Heshima, muda wa kisheria ukishapita, huhitajika Bunge lenyewe kuufungua. Kinachoonekana kwenye televisheni ni hilo la tatu peke yake. Tunalitumia kupima mawili ya kwanza, na hapo ndipo mguno unapozaliwa.

Bodi zenyewe zilitokana na uchovu wa wabunge. Kabla ya mwaka 1946, askari aliyetaka jalada lake lirekebishwe alilazimika kumtafuta mbunge, mbunge atunge muswada kwa jina la mtu mmoja, na Bunge zima lipige kura. Baada ya vita vya pili vya dunia, mamilioni ya watu wakivua sare, ilionekana wazi kuwa mtindo huo utaizika kazi nyingine yote. Bunge likajivua mzigo, likawakabidhi mawaziri wa majeshi wauamue kupitia bodi za raia. Sheria ya leo inampa mwombaji miaka mitatu tangu alipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kupuuza kikomo hicho kwa maslahi ya haki, na hufanya hivyo mara nyingi. Inazitaka pia bodi zimalize asilimia 90 ya mashauri ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18. Kwa karatasi huo ni mfumo mzuri. Tatizo limo katika kanuni moja isiyosikika sana: bodi huanza kwa kuamini kwamba ofisi ilifanya kazi yake sawasawa, na ni juu ya mwombaji kuonyesha, kwa ushahidi mzito zaidi, kwamba haikufanya.

Kanuni hiyo ina busara yake panapokuwa na jalada. Lakini Julai 12, 1973, moto ulizuka katika ghorofa ya sita, ya juu kabisa, ya jengo la kuhifadhia majalada hayo huko Overland, pembeni ya St. Louis. Chanzo chake hakikujulikana. Zikateketea kumbukumbu za watu kati ya milioni 16 na milioni 18: takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na asilimia 75 ya sehemu kubwa ya jeshi la anga la baadaye kidogo. Hapakuwa na nakala, wala filamu ndogo, wala faharasa kamili ya kuonyesha nini kilikuwemo. Yaliyookolewa yakiwa yameungua kingo na kulowa maji ya zimamoto, kama milioni 6.5 hivi, yalikaushwa na kuwekwa kando, na mpaka leo wafanyakazi huyagusa kwa glavu. Kwa waliobaki bila kitu, kituo hujaribu kuwajenga upya kutoka pembeni: hati ya malipo ya mwisho, orodha za hospitali, ripoti ya asubuhi ambayo kila kombania iliandika kueleza nani yupo, nani mgonjwa, nani kauawa. Kazi hiyo naiheshimu sana. Ni kama kumtambua mtu kwa nyayo zake baada ya nyumba yake kuungua.

Jalada la Woodson lilikuwa ndani ya moto huo. Alijeruhiwa kabla hajakanyaga mchanga, kisha akahudumia wenzake kwa saa 30 hivi mfululizo. Kikosi chake kilikuwa cha weusi watupu, kile cha maputo ya kuzuia ndege, na katika vita vyote vile hapakuwa na mweusi hata mmoja aliyepewa Nishani ya Heshima wakati huo. Familia yake, iliyoendelea kupigania jambo hilo baada ya kifo chake, ilikuwa inatakiwa ilete hati ambazo serikali ilizihifadhi chini ya paa lake mwenyewe mpaka zikaungua. Nani hapo alipaswa kubeba mzigo wa ushahidi? Kisheria ni mjane. Kwa akili ya kawaida, anayevunja mtungi wa mwenzake haendi kumwambia athibitishe ulikuwa na maji kiasi gani.

Wanaopinga kulegeza masharti wana hoja, na moja ina uzito wa kweli. Nishani ina thamani kwa sababu ni ngumu kuipata, na kumbukumbu ya binadamu hulainika kadiri miaka inavyopita: wenzako waliobaki hai wanakupenda, hadithi imesimuliwa mara mia, na kila mara imeongezewa chumvi. Wako pia waongo. Marekani ilitunga sheria mwaka 2006 dhidi ya wanaojivika nishani za bandia, mahakama ya juu kabisa ikaitengua mwaka 2012 kwa sababu ya uhuru wa kusema, na mwaka 2013 ikaja nyingine inayomkamata anayedanganya ili apate faida. Bodi ikifungua mlango wazi kabisa, matapeli hawatabaki nje. Tena historia yao wenyewe ina funzo: katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa mkanganyiko wa karani, kikosi kizima cha Maine kilipewa Nishani ya Heshima, watu 864, wengi wao wakiwa wameshafunga virago kurudi kwao. Mwaka 1917 tume ya majenerali ilipitia orodha nzima ikafuta majina 911, hayo ya Maine yakiwemo.

Nakubali hoja hiyo, ila naisoma mpaka mwisho. Miongoni mwa 911 alikuwemo Mary Walker, daktari wa upasuaji, mwanamke pekee kuwahi kupewa nishani hiyo. Alifutwa kwa kuwa hakuwa ameandikishwa rasmi. Alikataa kuivua, akaivaa mpaka alipokufa mwaka 1919. Bodi ya marekebisho ikamrudishia mwaka 1977. Mwaka 1989 ikawarudishia wapelelezi watano wa kiraia, akiwemo yule Buffalo Bill wa michezo ya farasi. Kwa hiyo ukali wa mwaka 1917 ulisafisha makosa na kuzalisha mengine palepale. Jalada lililohakikiwa na majenerali bado lilikuwa na makosa. Hilo ndilo linalonifanya nisiamini kwamba ukali peke yake unalinda thamani ya nishani. Kinachoilinda ni usahihi, na usahihi hukata pande zote mbili.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: angestahili, angepewa wakati uleule. Anayesema hivi hajawahi kuona karatasi ikitembea kutoka meza hadi meza. Kapteni Paris Davis, mmoja wa maofisa weusi wa mwanzo katika vikosi maalumu, alipigana karibu na Bong Son mnamo Juni 1965, akajeruhiwa mara kadhaa, akakataa kuondoka mpaka watu wake watolewe. Kamanda wake alimpendekeza mara moja kwa Nishani ya Heshima. Pendekezo likapotea. Mwaka 1969 jeshi lilipouliza, likaagizwa liandikwe upya. La pili nalo likapotea. Alivishwa Machi 2023, akiwa na miaka 83. Mashahidi walikuwepo, kamanda alikuwepo, sifa zilikuwepo. Kilichokosekana ni bahasha kufika. Na asije mtu akasema hayo ni mambo ya zama za taipureta. Januari 2020 makombora ya Iran yaliangukia kambi ya Al-Asad nchini Iraq, na baadaye ikathibitika kuwa askari zaidi ya 100 walipata mtikisiko wa ubongo. Purple Heart, nishani ya aliyejeruhiwa na adui, zilitoka 29. Ilichukua waandishi wa habari kuhoji walipo wengine, na Desemba 2021 jeshi likaidhinisha 39 zaidi, kwa tukio lililopigwa picha na setilaiti.

Wapo pia wanaosema, basi, utepe ni utepe, mzee aendelee na maisha yake. Kauli hii hutolewa na asiyejua utepe unafungua nini. Mwenye Purple Heart hupandishwa daraja katika hospitali za askari wa zamani na kusamehewa malipo ya huduma. Huongezewa pointi 10 akiomba kazi ya serikali kuu. Na aliyeipata baada ya Septemba 11, 2001 hupewa haki kamili ya kusomeshwa hata kama hakutimiza muda wa utumishi. Kwa anayedai fidia ya maradhi ya akili yaliyotokana na vita, beji ya mapambano kwenye DD 214 humwokoa na swali la kikatili kuliko yote, lile la kumtaka aanze kuthibitisha kwamba vitani alikuwepo. Pengo la mstari mmoja kwenye kisanduku hugeuka miaka ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi.

Sisi wa huku tunaweza kuona haya ni matatizo ya matajiri, nami nusu nakubali. Ili jalada lirekebishwe, sharti liwepo. Wapagazi waliobeba vita vya kwanza vya dunia katika Afrika Mashariki, ambao mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi imebeba jina la kikosi chao, waliitwa miguu na mikono ya jeshi kwenye maandishi ya sanamu ya Askari, lakini majina yao hayakuchongwa pale. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mjukuu wa mpagazi hana fomu ya kujaza. Marekani iliunguza majalada yake na bado ina ripoti za asubuhi za kombania. Kwetu ile asubuhi haikuandikwa. Nayasema haya nikiwafikiria vijana wetu wanaotoka misheni za kulinda amani Kongo na Sudan Kusini, na wale waliopigana Somalia: nakala ya amri ya kusafiri, hati za mshahara, karatasi ya dispensari ya kambini, zote zikae nyumbani kwa mama, mbali na stoo ya kikosi.

Kwa Wamarekani wenyewe, ninaloliona ni jepesi kulitamka na zito kwa bajeti yao. Pale ambapo serikali ndiyo iliyopoteza ushahidi, ile dhana kwamba ofisi ilifanya kazi yake sawasawa igeuzwe: mwombaji akionyesha kuwa alikuwa kikosini wakati huo, jeshi ndilo lieleze kwa nini asipewe. Na nishani za kikosi kizima, kama ile ya Vietnam ya mwaka 1974, zisisubiri barua ya mtu mmojammoja. Orodha za vikosi zipo, tarehe zipo, kompyuta zipo. Kumngoja mzee wa miaka 78 agundue mwenyewe haki yake ni njia rahisi ya kupunguza madai, kwa kuwa kila mwaka wadai hupungua wenyewe. Nishani za ushujaa binafsi ziendelee kupimwa moja moja, kwa ukali uleule, na sioni kwa nini ukali huo uzuie lile jingine.

Shemeji alituma maombi yake pamoja na amri ya safari na hati za mshahara zenye posho ya eneo la hatari, ambayo hailipwi kwa mtu aliyekaa Texas. Miezi kadhaa ikapita, bahasha ikaja, ndani mna DD 215 yenye medali yake. Alidhani atapewa hati mpya iliyo sahihi. Haifanywi hivyo. Ile ya kwanza inabaki ilivyo, na pengo lake, na karatasi ya pili inaambatanishwa kando kusema kwamba ya kwanza ilikosea. Kila anapokwenda kutafuta kazi hubeba zote mbili, na amejifunza kuitanguliza ya pili.